Tuanzeje tovuti za potfolio za kielektroniki kwa wanafunzi wa sekondari msingi?

Mwalimu wa Kilimo, Kwale

Walimu wenzangu, salamu.

Ninafundisha Kilimo na Sayansi Jumuishi katika shule ya umma ya kutwa, upande wa sekondari msingi. Mwalimu mkuu amenikabidhi jukumu la kuanzisha potfolio za kielektroniki, yaani mikusanyo ya kazi za kila mwanafunzi mtandaoni, kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9, ambao kwa jumla ni kama 180. Kwa sasa kila mmoja ana faili la karatasi ngumu lenye michoro, picha zilizobandikwa kwa gundi na karatasi za tathmini, na mafaili yote hukaa kwenye kabati moja katika afisi ya walimu. Masika yakiingia karatasi hupata unyevu, mchwa nao huzimaliza, na mwanafunzi anapohama huondoka na alama zake tu huku kazi zenyewe zikibaki kwetu bila mwenyewe.

Vifaa tulivyo navyo si vingi. Tuna vishikwambi kadhaa vinavyofanya kazi bado kutoka ule mpango wa serikali wa ujuzi wa dijitali ulioanza 2016, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta na ruta iliyokuja pamoja navyo. Umeme upo ingawa hukatika. Intaneti ni ya modemu ya laini ya simu, na bando hununuliwa na shule pesa zinapopatikana.

Nimesoma kuhusu programu za kutengenezea kurasa kama hizo, yaani Google Sites, WordPress na Mahara, na kila moja ina watu wanaoisifu. Ninahitaji ushauri wa mtu aliyelifanya jambo hili shuleni. Tuanzie wapi? Ukurasa wa mwanafunzi uwe na nini ili usigeuke ghala la picha zisizosema lolote? Na wazazi waonyeshwe kazi za watoto wao kwa njia gani, maana baadhi yao wamependekeza tuweke kila kitu kwenye ukurasa wa Facebook wa shule, jambo ambalo moyo wangu haulikubali ingawa sina hoja ya kisheria ya kuwaeleza?

Alama za tathmini za shuleni tayari tunazipakia kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani (KNEC), kwa hiyo potfolio hizi sizikusudii kuwa daftari jingine la alama. Ninataka mtoto aliye Gredi ya 9 aweze kufungua kazi yake ya Gredi ya 7 na kuona alivyokuwa akifikiri.

Mwalimu wa TEHAMA, Nakuru

Mwalimu, salamu zimefika. Sentensi yako ya mwisho ndiyo inayopaswa kuongoza mengine yote. Nimesaidia shule kadhaa katika jambo hili, na zile zilizoanza kwa kubishana kuhusu programu zilipata tovuti zenye rangi nzuri na picha tele ambazo, muhula mmoja baadaye, hakuna aliyezifungua tena, kwa sababu ndani yake hamkuwa na neno lolote la mwanafunzi mwenyewe.

Kwa hiyo naanza na ukurasa. Kila kazi inayowekwa iwe na picha au sauti, tarehe, na maelezo mafupi ya mwanafunzi kuhusu sababu ya kuichagua, mahali alipokwama, na jambo ambalo angelibadilisha kama angeirudia. Maoni ya mwalimu yajibu maelezo hayo, yasiishie kusifu picha.

Nikupe mfano wa ukurasa mmoja niliousoma kwa makini. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 alipanda sukumawiki katika gunia. Picha ya kwanza inaonyesha miche iliyosimama vizuri pande zote. Ya pili, iliyopigwa majuma mawili baadaye, inaonyesha miche ya upande mmoja imenyauka na ya upande wa pili ikiwa mizima. Chini yake ameandika kwamba upande ulionyauka ndio uliotazamana na ukuta wa mabati, kwamba mwanzoni alidhani ni wadudu akapuliza maji ya pilipili bila kuona tofauti, na kwamba alipogusa udongo saa nane mchana alikuta upande ule una joto kuliko mwingine, ndipo akaligeuza gunia. Picha hizo bila maneno zingemwambia mwalimu kwamba nusu ya sukumawiki ilikauka, basi. Maelezo ndiyo yanayoonyesha mtoto akiunda dhana, akiijaribu, akaiacha na kutafuta nyingine, na mwalimu akiandika hapo kwamba amezidisha matarajio (kiwango cha juu katika tathmini) ana ushahidi mkononi.

Weka kikomo cha kazi. Mwanafunzi achague mbili au tatu kwa muhula kutoka katika nyingi alizofanya, kwa sababu katika kuchagua ndipo anapolazimika kujiuliza kazi nzuri ni ipi. Tovuti inayopokea kila kitu humwondolea kazi hiyo ya kufikiri.

Sasa programu. Kwa hali uliyoieleza ningeanza na Google Sites, ila kwa akaunti za shule na si akaunti binafsi ya mwalimu. Shule isajili jina la tovuti linaloishia na sc.ke, ambalo limetengewa shule, kisha iombe Google Workspace for Education Fundamentals, yaani seti ya huduma za Google kwa shule, ambayo shule zinazokidhi masharti hupewa bila malipo pamoja na nafasi ya pamoja ya kuhifadhi ya terabaiti 100. Msimamizi hufungua akaunti za wanafunzi yeye mwenyewe bila kuhitaji namba za simu za watoto, na anaweza kuzuia barua pepe kutoka nje ya shule. Tengeneza tovuti moja ya kiolezo yenye kurasa zote zinazohitajika, kila mwanafunzi atengeneze nakala yake, na wakati wa kuchapisha chagueni ionekane na watu mliowataja tu. Upungufu wake mkubwa ni kwamba kurasa za Google Sites hazina mahali pa kuandika maoni; sisi tunapachika hati ya Google Docs ndani ya ukurasa, na mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi hufanyika humo. WordPress singeichagua katika shule isiyo na mtu wa kuihudumia, kwani inataka kusasishwa mara kwa mara na ikiachwa bila kuangaliwa huvamiwa.

Hesabu ya bando ifanywe mapema. Wanafunzi 180 wakiweka kazi 10 kila mmoja kwa mwaka, na kila kazi ikiwa na picha tatu, hizo ni picha 5,400. Picha ya simu mara nyingi hufika megabaiti 4, kwa hiyo mtapakia zaidi ya gigabaiti 21. Mkizipunguza hadi kilobaiti 200 kila moja, kiasi kinachotosha kabisa kuonyesha kazi kwenye skrini, jumla inashuka hadi gigabaiti 1 na kidogo. Video ziwekwe pale tu ambapo mwendo ndio kazi yenyewe, kama ngoma au mchezo, kwa sababu dakika moja tu inaweza kupita megabaiti 100.

Mzazi na wakili, Nairobi

Mwalimu wa Kwale, moyo wako uko sawa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 33, hairuhusu kuchakata data ya kibinafsi ya mtoto isipokuwa mzazi au mlezi ametoa idhini, na hata baada ya idhini ni lazima haki na maslahi ya mtoto yalindwe. Mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Waeleze wazazi wanaopendekeza Facebook kwamba idhini ya mzazi mmoja haiwezi kumfunika mtoto wa jirani yake aliyesimama kwenye picha hiyohiyo.

Fomu ya idhini isiwe sentensi moja iliyofichwa katika fomu ya kujiunga na shule. Iseme kwa Kiswahili chepesi ni kitu gani kitawekwa, nani atakiona, kitahifadhiwa kwa muda gani, na mzazi afanye nini akitaka kiondolewe. Tena isomwe kwa sauti katika mkutano wa wazazi, kwa ajili ya wale ambao hawangependa kukiri mbele ya wengine kwamba hawasomi. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa aendelee na faili la karatasi na asipungukiwe na chochote darasani.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa, na picha iliyopigwa nyumbani kwa mtoto hubeba nyumba hiyo. Zimeni huduma ya mahali katika kamera za vishikwambi kabla ya kuanza. Nami ningependekeza picha zionyeshe kazi na mikono, nyuso zikiwekwa pale tu zinapohitajika, na anwani ya ukurasa isiwe na jina kamili la mtoto.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Habari zenu walimu wa Kenya. Nimefuatilia mjadala huu kwa sababu huku kwetu nasi tunatumia mkoba wa kazi (potfolio) katika upimaji, na tangu vishikwambi vya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vigawiwe walimu, wengi tumeanza kujiuliza namna ya kuuhamishia huko. Suala la idhini linatuhusu pia, kwani tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Naafikiana na mwenzangu wa Nakuru kuhusu maelezo ya mwanafunzi, lakini kuhusu programu ninatofautiana naye. Shule ambayo bando lake linategemea pesa kupatikana haipaswi kuweka kazi za watoto mahali ambapo bila bando haziwezi kusomwa. Kuna pia hatari ya huduma yenyewe kufungwa. Wikispaces ilitumiwa na walimu wa nchi nyingi kuhifadhi kazi za wanafunzi, na mwaka 2018 ilifungwa. Aliyekuwa hajapakua kazi zake hakuwa na pa kuzitafuta.

Mimi ninapendelea Mahara. Ni programu huria iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006, na tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya potfolio, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu hizo nyingine. Inahitaji seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, yenye programu ya PHP na hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL, na seva hiyo inaweza kuwa kompyuta mpakato ya kawaida iliyounganishwa na ruta bila intaneti yoyote. Wanafunzi wanaifungua kwa vishikwambi wakiwa ndani ya eneo la shule. Kompyuta mpakato ina faida ya betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika seva haizimiki ghafla na kuharibu hifadhidata. Maoni ya mwalimu huandikwa kwenye ukurasa wenyewe. Mwanafunzi akishawasilisha ukurasa, unafungwa asiweze kuubadilisha mpaka mwalimu auachilie, na hilo linamaliza ubishi wa nani alihariri nini baada ya kupimwa. Aidha, usakinishaji mmoja unaweza kubeba taasisi kadhaa, kila moja na msimamizi wake, kwa hiyo shule za kata moja zinaweza kushirikiana gharama na fundi.

Katika kuhifadhi nakala ndipo ninapotaka usikilize kwa makini zaidi. Mahara huweka vitu mahali pawili: maandishi na mpangilio wa kurasa viko katika hifadhidata, picha na sauti ziko katika folda ya mafaili. Ukinakili folda pekee utabaki na picha zisizojulikana ni za nani. Ukinakili hifadhidata pekee utabaki na kurasa zenye nafasi tupu. Vyote viwili vinakiliwe siku ileile, kwenye diski mbili za nje, na diski moja isilale shuleni.

Naongeza jambo kuhusu sauti. Wapo wanafunzi wetu ambao, wakiombwa kuandika walichojifunza, huandika mstari mmoja wa kumridhisha mwalimu, lakini wakipewa kishikwambi na dakika mbili chini ya mwembe wanaeleza kazi yao hatua kwa hatua, kwa lugha wanayoimudu. Dakika moja ya sauti iliyobanwa vizuri inaweza kuwa robo ya megabaiti tu. Anzeni na sauti, maandishi yafuate mtoto atakapojisikiliza mwenyewe na kuchagua la kuandika.

Mwalimu wa TEHAMA, Nakuru

Ndugu wa Morogoro, hoja ya bando ni nzito na siipingi, na la sauti nimelichukua. Swali langu ni nani atakayeihudumia seva hiyo mwalimu wa Kwale akipata uhamisho. Kwetu mwalimu huhamishwa wakati wowote, na nimeona kompyuta yenye kazi za miaka miwili ikikaa kabatini kwa sababu nenosiri la msimamizi liliondoka na mtu. Google Sites nayo huleta tatizo hilihili akaunti ya msimamizi ikiwa moja. Kwa vyovyote vile, wasimamizi wawe wawili, na nenosiri liwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya shule, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja ya jinsi ya kuwasha, kunakili na kurejesha.

Mwalimu wa Kilimo, Kwale

Nawashukuru nyote, nimewasomea walimu wenzangu majibu haya katika chumba cha walimu. Tumekubaliana kuanza na Gredi ya 7 peke yake na somo la Kilimo peke yake. Picha na sauti zitakusanywa kwa vishikwambi bila intaneti, zipunguzwe kwenye kipakatalishi na kuwekwa katika folda za wanafunzi, kisha zipakiwe kwenye Google Sites siku moja kwa juma. Nimeichagua kwa sababu hiyo ya uhamisho: mwalimu wa Hisabati anaielewa na yuko tayari kuwa msimamizi wa pili. Hata hivyo nakala za folda zitabaki shuleni kwenye diski mbili, kama alivyoshauri mwalimu wa Morogoro, na mkutano wa wazazi wa kueleza fomu ya idhini umeshapangwa.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nitawezaje kusoma na kujibu kurasa hizi zote wakati nina vipindi vingine na madaftari ya kusahihisha? Na wale wa Gredi ya 9, ambao watatuacha kwenda Gredi ya 10 katika shule nyingine, tuwafanyie nini hata kama hawamo katika mpango huu wa kwanza?

Mwalimu wa TEHAMA, Nakuru

Usijibu kila kazi. Kwa kila muhula mwanafunzi akuombe maoni kuhusu kazi moja, aichague mwenyewe na aandike anataka umwambie nini. Zile nyingine zisomwe na mwenzake wa darasa. Maoni yako yakiwa sentensi mbili zenye swali moja ndani yake, yanatosha. Msiziunganishe kurasa hizi na alama, kwa sababu tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA (tathmini ya mwisho ya Gredi ya 9), na mtoto akishuku kwamba sukumawiki iliyonyauka itampunguzia alama hiyo hatakuonyesha gunia lile; atakuonyesha la rafiki yake.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Kuhusu wanaoondoka, mwanafunzi atoke na kazi zake katika mafaili yanayofunguka kwa kivinjari chochote bila intaneti. Mahara hutoa nakala ya HTML (mafaili ya kurasa za wavuti) ya potfolio nzima, na kwa Google Sites huduma ya Google ya kupakua data, Takeout, hutoa kurasa kama mafaili ya HTML, msimamizi akiwa ameiruhusu. Wale wa Gredi ya 9 ambao hawana tovuti, wape kipindi kimoja au viwili wapige picha kazi tano kutoka katika mafaili yao ya karatasi kabla mchwa hawajazifikia, warekodi maelezo ya kila moja, mziweke kwenye flashi ya mwanafunzi au simu ya mzazi. Kwa kuwa huko kwenu Gredi ya 10 wanagawanyika katika STEM (Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo, mwalimu atakayempokea mtoto aliyechagua njia fulani atakuwa na la kusikiliza zaidi ya alama.

Mwalimu wa Kilimo, Kwale

Hilo la Gredi ya 9 tunaweza kulifanya muhula huu huu kwa vishikwambi tulivyo navyo. Nitaanza na darasa langu la Kilimo, na mwalimu wa Sanaa Bunifu ameomba lake lifuate.